Je, Gari Lako Liko Tayari kwa Tope la Ekerenyo?

Likizo inapokaribia familia nyingi za mjini huanza kujiandaa kwa safari ya nyumbani. Watoto hununuliwa nguo, nyanya hununuliwa blanketi, na sukari hufungwa kwenye katoni. Lakini gari litakalobeba haya yote, nani amelitayarisha?

Huko Marekani na Kanada, wawindaji hutayarisha pikapu zao mapema kabla ya kuingia porini wakati wa baridi kali. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, wala hatuna theluji barabarani. Hata hivyo, anayeelekea Ekerenyo, katika kaunti ya Nyamira, anaweza kuiga bidii yao. Huko ni nyanda za juu zenye ukungu na baridi ya asubuhi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na ule udongo mwekundu unaostawisha majani chai huteleza kama mrenda.

Jambo la kwanza ni saa ya kuondoka. Mvua ya pande hizo hupenda kunyesha alasiri. Ukitoka Nairobi alfajiri, ukapitia Narok, Bomet na Sotik, utafika Chebilat kabla ya mawingu kukusanyika. Lami siku hizi imefika mbali, lakini maboma mengi yako kando yake, na hapo ndipo magari hukwama.

Pili, tairi. Tairi lililolika meno halishiki tope, hata kama gari lako husukumwa na magurudumu yote manne. Pima upepo asubuhi kabla ya kuendesha, na usisahau tairi la akiba. Kwenye tope zito unaweza kupunguza upepo kidogo ili tairi lishike ardhi zaidi, mradi una pampu ya kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Tatu, betri na taa. Baridi hudhoofisha betri iliyochoka. Mwambie fundi asafishe ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri na akaze nyaya. Waipa zilizokatikakatika zibadilishwe. Penye ukungu washa taa za chini, kwa maana taa kali hukurudishia mwanga machoni.

Nne, rejeta. Ng'ambo, maji yakiganda hupanuka na kupasua injini. Baridi ya Ekerenyo haifikii hapo, lakini kulanti bado ina kazi: huzuia kutu na hulinda injini isichemke milimani. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto.

Vifaa vya kubeba ni jembe, panga, kamba imara ya kuvutia gari, tochi, viatu vya mpira na zile pembetatu mbili za tahadhari ambazo sheria inadai. Ongeza kipande cha ubao mpana. Jeki bila ubao huzama topeni na kukuacha ukiitazama.

Mwenye pikapu akumbuke kwamba pikapu tupu huteleza nyuma. Mzigo huipa uzito, lakini uweke mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake. Ukirudi mjini na mikungu ya ndizi iliyorundikwa mkiani, magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi na usukani hautakutii. Watu wasikae juu ya mzigo.

Onyo moja kwa wazazi: mkikwama usiku, msifunge vioo huku injini ikinguruma na bomba la moshi limezama topeni. Wala msiingize jiko la makaa ndani ya gari. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Zimeni injini, mjifunike blanketi.

Huenda utauliza, kwa nini taabu yote hii kwa safari ya siku chache? Msomaji, ukifika kijijini gari si lako peke yako. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku huku mvua ikinyesha, mlango utakaobishwa ni wako. Hospitali iko pale Ekerenyo, lakini kilomita tatu za tope ni mbali kwa mtu anayejifungua.

Kwa hiyo, kila jioni kabla ya mvua, egesha gari mahali pagumu karibu na barabara, likiwa limeelekea nje. Hakikisha lina mafuta ya kutosha, na ufunguo uwekwe mahali ambapo watu wazima wote wa nyumba wanapajua.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mpelekee fundi gari juma hili, usingoje mkesha wa safari. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema.