Mgeni aliyeimbia wanyonge: Remmy Ongala na watoto wetu wa Lurujo

Huu ndio ukurasa wetu, sisi walimu wa kujitolea, na kama kawaida tunawaletea jambo moja la kuongea nyumbani jioni. Mwezi huu tunaongea juu ya muziki. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Tumechagua muziki kwa sababu mbili. Ya kwanza, wazazi kadhaa wametulalamikia kwamba vijana wanakaa sana senta kwenye spika, chaji ya simu inaisha kwa nyimbo tu, na vitabu vinalala. Sababu ya pili iko darasani, na ndiyo inayotuumiza zaidi. Kuna watoto wanaojua jibu lakini hawanyoshi mkono. Nyumbani wanaongea Kikakwa, Kilugbara au Kilingala, Kiswahili chao ni kile walichokuja nacho kutoka Kongo, na Kiingereza bado. Mtoto akisema "vitu mingi", wenzake wanaangua kicheko. Kesho yake ananyamaza. Tulimwuliza mmoja wa P.4 kwa nini hasemi, akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, watanicheka." Mtoto wa namna hiyo akinyamaza muhula mzima, muhula unaofuata haji tena shuleni. Tumeona hivyo zaidi ya mara moja.

Basi tukakumbuka mtu mmoja ambaye wazazi wengi wanamfahamu na vijana wengi hawamfahamu. Anaitwa Remmy Ongala.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 Kindu, kule Maniema, kando ya mto Lualaba. Ni Mkongomani kama wengi wetu, ingawa Kindu ni mbali sana na Aba au Ingbokolo. Baba na mama walifariki yeye akiwa bado kijana, akabaki yatima. Aliishi kwa kupiga muziki katika bendi huko Kongo. Mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam, Tanzania, kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya Mzee Makassy, mtu wa ukoo wake. Tuseme ukweli, hakuishi kambini kama sisi; alikwenda kutafuta kazi. Lakini alikuwa mgeni katika nchi ya watu, hana baba wala mama wa kumshika mkono, na Kiswahili chake ni cha Kongo. Hapo sisi tunamwelewa vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Makassy ilihamia Nairobi. Remmy alibaki Dar es Salaam, akaingia bendi ya Matimila, ambayo baadaye iliitwa Super Matimila. Hapo ndipo jina lake lilipokua. Mwaka 1988 alikwenda na bendi yake Ulaya kupiga kwenye matamasha ya WOMAD. Mwaka 1989 kampuni ya Real World, ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, ilitoa albamu yake iitwayo Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini. Fikirieni, mtoto yatima wa Kindu anasikilizwa London, na anachoimba ni habari za maskini, kwa Kiswahili.

Tanzania walimwita Dokta Remmy. Hakusomea udaktari. Walimpa jina hilo watu waliotoka kwenye dansi wakijisikia nafuu kidogo. Na sisi swali letu ni hili: maneno na gitaa vinampaje mtu nafuu? Tumefikiri, tukapata majibu matatu.

La kwanza, alisema waziwazi kitu ambacho kila mtu alikijua na hakuna aliyekitaja. Aliimba mapenzi pia, wimbo wake Kipenda Roho wazee wanaukumbuka. Lakini aliimba njaa, aliimba umaskini, aliimba mtu asiye na wa kumsemea. Majina ya nyimbo zake yanajieleza: Sauti ya Mnyonge, Mnyonge Hana Haki. Mtu aliyefukuzwa kazi au aliyedhulumiwa akisikia shida yake inaimbwa mbele ya ukumbi mzima, anajua kwamba hayuko peke yake na kwamba hajawa kichaa. Shida iko pale pale, lakini aibu inapungua.

Ana wimbo mwingine unaoitwa Kifo. Humo anakilalamikia kifo chenyewe, kama mtu anayemlalamikia jirani mbaya. Wazazi, hapa tunaomba mtusikilize. Hapa Lurujo kuna nyumba ambazo jina la marehemu halitajwi kabisa. Baba alibaki kule, au kaka alipotea njiani, na nyumbani wote wanakaa kimya ili mama asilie. Mnafanya hivyo kwa upendo, tunajua. Lakini mtoto naye anabeba huzuni yake peke yake, anakuja nayo darasani, anaangalia ubao bila kuona kitu. Remmy alichiwa na wazazi wake mapema, na hakuficha. Alikitaja kifo kwa jina, akakiwekea gitaa, na watu wakaimba pamoja naye.

Jibu la pili liko kwenye muziki wenyewe. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Mwanzo unakwenda polepole, mwimbaji anahadithia, watu wanasikiliza maneno. Halafu magitaa yanashika kasi. Sisi wa Kongo tunaita sebene, Tanzania wanaita chemko. Hapo hakuna anayekaa. Ndiyo maana mtu aliweza kucheza wimbo wa huzuni mpaka jasho likamtoka, na hakuwa anadharau msiba. Kwanza kichwa kimepata maneno, halafu mwili umepata njia ya kutoa uzito. Tena maneno yanarudiwa rudiwa, mmoja anaita, wengine wanaitikia. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu anayakumbuka yote. Sisi walimu tunaona wivu, maana somo la ubaoni wakati mwingine linasahaulika kabla ya saa ya chakula.

Jibu la tatu ni lugha, na hapa ndipo tunataka watoto wasikie. Remmy hakungoja Kiswahili chake kinyooke ndipo aimbe. Aliimba Kiswahili chenye ladha ya Kongo, katikati ya Dar es Salaam, mji ambao wenyeji wake wanajivunia Kiswahili chao. Katika albamu yake ya mwaka 1992 iitwayo Mambo, wimbo mmoja umeandikwa Inchi Yetu. Mwalimu wa Dar es Salaam angeweka alama nyekundu na kuandika "nchi". Lakini tunaoandika "inchi" tunajulikana tunakotoka! Watu wa Dar hawakumkataa kwa sababu ya ile "i". Walimpenda mpaka sehemu aliyoishi, mtaa wa Sinza, ikaitwa Sinza kwa Remmy. Ni kituo cha daladala, na jina hilo lipo hata baada yake, maana alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mgeni aliyekuja na lugha ya kwao, leo wenyeji wanatumia jina lake kuelekezana njia.

Hatusemi watoto wasijifunze sarufi. Sarufi tutaifundisha, na "vitu vingi" tutaisahihisha, hiyo ndiyo kazi yetu. Huku Uganda pia Kiswahili kina nafasi: mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, ingawa bado wapo wanaokiona ni lugha ya askari. Tunachosema ni kwamba kusahihisha ni kitu kimoja, na kucheka ni kitu kingine. Anayesahihishwa kesho atasema vizuri zaidi. Anayechekwa kesho hatasema kabisa.

Sasa tuongee juu ya ujasiri. Ukimwi ulipoanza kuua watu, wengi waliogopa hata kuutaja. Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983 kule Kagera, mkoa unaopakana na Uganda. Remmy alitoa wimbo Mambo kwa Soksi, unaohimiza watu watumie kondomu, ambazo yeye aliziita soksi. Radio Tanzania haikuupiga, ilionekana ni matusi. Watu waliusikia kwenye dansi na kwenye kanda. Wazazi wengine hawatakubaliana na wimbo ule, na kila nyumba ina imani yake. Lakini lazima tukubali kwamba aliona watu wanakufa na akaona kunyamaza ni vibaya zaidi kuliko kulaumiwa.

Na hakuwa peke yake. Kongo, Franco Luambo alitoa Attention na Sida mwaka 1987. Na hapa Uganda, nchi inayotupokea, alikuwepo Philly Lutaaya. Naye alikuwa ameishi mbali na kwao, Sweden. Mwaka 1989 alirudi akatangaza wazi kwamba ana virusi, wakati ambapo mtu maarufu hakuthubutu. Akiwa mgonjwa alikwenda mashuleni na makanisani kuongea na vijana, na aliimba juu ya upweke wa mgonjwa. Alifariki Desemba ya mwaka huo huo. Waulizeni majirani zetu Waganda wenye umri, wengi watawaambia walikuwa wapi siku waliposikia habari zake.

Tunajua wazee watasema nini, maana tumeshasikia. Mzee mmoja alituambia, "Walimu, muziki haujazi sufuria." Ni kweli, mzee wetu. Nyimbo za Remmy hazikushusha bei ya unga Dar es Salaam, na hazitaongeza posho hapa Lurujo. Pia si kila wimbo unaopigwa senta una maana. Nyingine ni matusi matupu, nyingine ni kumsifu mwenye magari, na kijana asiye na baiskeli anarudi nyumbani akijiona si kitu. Ndiyo maana hatusemi "acheni vijana wasikilize chochote". Tunasema: sikilizeni pamoja nao, halafu ulizeni maneno yanasema nini. Mkizima spika bila kuongea, kijana atahamia spika ya jirani.

Kwa hiyo mwezi huu tunaomba kila familia ijaribu mambo matatu. Hayagharimu hata shilingi.

Kwanza, jioni moja mzazi au babu au bibi achague wimbo mmoja wa ujana wake, auimbe au aupige kwenye simu, awaeleze watoto kwa nini ulimshika. Alikuwa wapi? Nani alikuwa hai wakati huo? Halafu kijana naye alete wimbo wake mmoja na aeleze vile vile. Wazazi, mkimaliza wa kwenu, sikilizeni na wa kijana mpaka mwisho bila kukatiza. Hiyo ni haki.

Pili, kama kuna mtu wa nyumba yenu ambaye jina lake halitajwi, litajeni. Mnaweza kuanza na wimbo alioupenda. Mama akilia, acheni alie, watoto wakae naye karibu. Mkiona mtoto halali usiku au hali chakula kwa siku nyingi, msingoje, mleteni kwa wahudumu wa afya au mtuambie sisi tuwasindikize.

Tatu, ni kwa watoto wenyewe. Tungeni mistari minne kuhusu maisha yenu hapa Lurujo: foleni ya maji, mvua kwenye paa, rafiki mpya, chochote. Tungeni kwa lugha yoyote mnayolala nayo, Kikakwa, Kilugbara, Kilingala, Kiswahili cha Kongo. Msiogope makosa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya masomo, tutakaa chini ya mwembe, kila mmoja ataimba au atasoma, na wengine wataitikia. Sharti ni moja tu, na tutalisimamia wenyewe: hakuna kumcheka mtu kwa namna anavyosema. Wazazi mnakaribishwa, na mwenye ngoma au gitaa la kopo aje nalo.

Baada ya hapo tutachagua mistari ya watoto tuichape kwenye ukurasa huu mwezi ujao, jinsi walivyoiandika wao. Mkiona imeandikwa "inchi", jueni tumeiacha kwa makusudi.

Tunawatakia mwezi mwema.

Walimu wenu wa kujitolea, Lurujo