Tope la Balama lipimwe kabla halijapata mwenyewe mwingine

Utajiri wa Cabo Delgado ukitajwa, hutajwa gesi ya Afungi, rubi za Namanhumbir na kinywe cha Balama. Vanadi haitajwi, ingawa imo katika mwamba uleule unaotoa kinywe. Mwaka 2013 kampuni ya Syrah Resources ya Australia ilitangaza makadirio ya awali ya Balama: tani bilioni 1.15 za mwamba, zenye wastani wa asilimia 10.2 ya kinywe na asilimia 0.23 ya oksidi ya vanadi. Huko Caula, upande wa Montepuez, watafiti wa kampuni nyingine walikuta kiwango kikubwa zaidi. Mwamba ukishasagwa, kinywe hupelekwa Nacala kupakiwa melini. Vanadi, ambayo imejificha ndani ya aina ya ulanga, hubaki kwenye tope na kumwagwa bwawani. Tope hilo linapaswa kupimwa, kuandikwa na kutangazwa sasa, hata kama hapana atakayelichenjua kwa miaka ishirini ijayo.

Asilimia 0.23 inaonekana ndogo mpaka ipigiwe hesabu. Mtambo wa Balama ulijengwa kwa kutoa hadi tani 350,000 za kinywe kwa mwaka, kwa kusaga takriban tani milioni 2 za mwamba. Kwa wastani ule wa 2013, mwaka mmoja wa kazi kamili ungepeleka bwawani tani zipatazo 4,600 za oksidi ya vanadi. Mgodi haujawahi kufanya kazi kwa nguvu hiyo yote, na si chembe zote zinazoweza kuchenjuliwa. Lakini ulimwengu mzima huzalisha vanadi ya kiasi cha tani laki moja tu kwa mwaka, sehemu kubwa ikitoka China, na nyingine Urusi, Afrika Kusini na Brazil. Katika soko dogo namna hiyo, bwawa moja la Balama si jambo la kupuuza.

Metali hii inatafutwa kwa sababu kidogo chake hufanya kazi kubwa. Takriban tisa ya kumi ya vanadi yote huishia ndani ya chuma, ikitiwa kama chumvi kwenye mchuzi: kilo moja katika tani nzima inatosha kuzifanya punje za chuma kuwa ndogo na imara, hata nondo nyembamba ikabeba mzigo wa nondo nene. Ford alijengea magari yake ya Model T chuma cha vanadi mwaka 1908. Ikichanganywa na titani na alumini hutengenezewa sehemu za ndege, na oksidi yake huharakisha utengenezaji wa asidi ya salfa. Matumizi yanayotugusa zaidi sisi wa kaskazini mwa Msumbiji ni betri. Katika miaka ya 1980, Maria Skyllas-Kazacos na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, waliunda betri inayohifadhi umeme katika matangi mawili ya maji yenye vanadi. Kwa kuwa ni metali ileile pande zote mbili, maji hayo yakichanganyika hayaharibiki. Yanaweza kuchajiwa upya kwa miaka mingi. Ni betri nzito mno kwa gari, lakini inafaa kukaa mahali pamoja na kuangaza mji. Huko Dalian, China, iliwashwa moja mwaka 2022 yenye megawati 100, ya kutoa umeme kwa saa nne. Tukumbuke kwamba mwaka 2020, kituo cha umeme cha Awasse kilipoharibiwa, Mocímboa da Praia, Palma, Mueda, Nangade na Muidumbe zilikaa gizani kwa muda mrefu kwa sababu zote zilitegemea njia moja.

Watakaopinga wana hoja nzito, na ya kwanza ni ya bei. Novemba 2018 ratili moja ya oksidi ya vanadi ilikaribia dola 30. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu dola 5. Kiwanda cha Highveld huko Emalahleni, Afrika Kusini, kilichokuwa mzalishaji mkubwa wa chuma na vanadi, kiliangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi mwaka 2015. Uchenjuaji wenyewe ni ghali na una hatari: mwamba huchomwa pamoja na chumvi, na vumbi la oksidi ya vanadi hudhuru mapafu. Haya yote ni kweli, na ndiyo maana siombi kiwanda. Naomba kipimo. Kuchukua sampuli za bwawa na kuzipeleka maabara ni gharama ndogo mbele ya uchimbaji wowote, na bei ikipanda tena, mwenye takwimu ndiye atakayekaa mezani akijua anauza nini.

Jirani zetu wa Tanzania walilipa gharama ya kuchelewa kupima. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema ndani yake mna dhahabu nyingi kuliko iliyotangazwa, pamoja na madini mengine yasiyolipiwa. Kampuni ya Acacia, mwenye makinikia hayo, ilikanusha. Serikali ikadai kodi ya dola bilioni 190. Maridhiano na Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, yaliishia kwenye dola milioni 300 na hisa asilimia 16 katika kampuni mpya ya Twiga. Sitaki kuamua nani alisema kweli. Ninachoona ni kwamba pande mbili zilibishana juu ya shehena ambayo hapakuwa na kipimo kimoja walichokiamini wote. Balama ina nafuu: vanadi yake haijaondoka, ingali bwawani, na ugomvi haujaanza.

Wengine watasema vita havijaisha tangu vilipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na kwamba mgodi wa kinywe wa Ancuabe nao ulishambuliwa Juni 2022. Huu si wakati wa kuhesabu tope. Mimi naona kinyume. Vita ndivyo vinavyofanya mikataba isainiwe haraka na mbali na macho ya watu, na bwawa la mabaki linaweza kuuzwa kwa mnunuzi mpya kama takataka tu. Tangu 2013 bajeti za Msumbiji hutenga asilimia 2.75 ya kodi ya uzalishaji wa madini kwa jamii za maeneo ya uchimbaji. Metali isiyoandikwa haina kodi, na asilimia 2.75 ya sifuri ni sifuri.

Basi Taasisi ya Taifa ya Migodi iagize upimaji wa mabaki ya Balama, na kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lúrio kilichoko Pemba kishirikishwe, ili vijana wa mkoa wajifunze kazi hiyo mikononi. Leseni zote za kinywe ziitaje vanadi kwa jina, na zitamke mwenye tope ni nani mgodi ukifungwa. Matokeo yachapishwe kwa Kireno, Kimakua, Kimakonde, Kimwani na Kiswahili, na wabunge wa Cabo Delgado wayadai Maputo kabla ya leseni nyingine kutolewa.