Anayejua Siri ya Moto Asinyamaze

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu tukitoka kazini jioni hushika useremala ili karo ya watoto ipatikane. Patasi ya dukani ni ghali, basi twajitengenezea kwa tupa kuukuu. Jambo hilo ni jema. Lililo baya ni kwamba wanaojua siri ya moto huificha.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata. Patasi yangu ya kwanza niliichovya majini ikiwa nyekundu, nikafurahia ugumu wake. Nilipoigonga ilivunjika kama kioo, na kipande kikamchana kijana aliyenishikia ubao, karibu kabisa na jicho. Kesho yake fundi mmoja mzee akaniambia, "Nilijua itavunjika." Alijua, akanyamaza!

Basi mimi nayasema hadharani. Tupa nzuri na springi ya gari hukubali ugumu. Nondo ya kawaida haikubali hata ukiichoma mara kumi. Pasha tupa moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe polepole katika majivu, ndipo uichonge. Kisha pasha upande wa makali kwa mkaa mpaka sumaku isiushike, yaani kama digrii 770, ongeza moto kidogo, halafu uchovye katika mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu. Sumaku ya redio mbovu yatosha. Tupa nyingine ikiteleza juu yake bila kuuma, imekuwa ngumu, lakini bado haifai kazi. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Isugue ing'ae, ipashe polepole kutoka nyuma mpaka makali yapate rangi ya majani makavu, kama digrii 220, kisha uipoze. Ugumu hupungua kidogo, na uvumilivu huingia.

Naona yafaa mambo matatu. Kwanza, tawi letu litenge Jumamosi moja kila mwezi, mafundi wazee wawafundishe vijana. Pili, chuma chakavu cha karakana tukiombe kwa cheti; mtu asifukuzwe kazi kwa ajili ya tupa mbovu. Tatu, ufundi wetu usiwe sababu ya mwajiri kukataa kununua vifaa. Vya nyumbani twajifanyia wenyewe. Vya kazini ni wajibu wake.

Kuuliza si ujinga. Kujua na kunyamaza ndiyo aibu.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Karakana