Karo Inayotoka Msituni

Mpango wa ASSETS wa shirika la Kikristo la A Rocha Kenya, lililoko Watamu, unastahili kuongezewa fedha za umma. Tangu 2001 mapato ya utalii, yakiwemo ya daraja la mbao linaloning'inia kwenye mikoko ya hori ya Mida, yamesaidia kuwalipia karo za sekondari watoto wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Mzazi aliyekosa karo hukata mti auze. Kumshtaki bila kumpa njia nyingine ni dhuluma, na msitu hauponi kwa kesi.

Katika msitu wa Dakatcha hali ni mbaya zaidi: miti inaishia kuwa makaa, ardhi inageuzwa mashamba ya mananasi. Wenye mamlaka juu ya ardhi na bajeti wasimamishe ukataji huo sasa, tena waongeze fedha za karo.