Chapa na Mtungi

Wapo bado wasomi wetu wanaoshikilia kwamba ufinyanzi ni kazi ya jikoni tu, na kwamba sanaa huanzia kwenye karatasi. Hatukubaliani nao hata kidogo. Picasso, wanayemtukuza wao wenyewe, alikwenda Vallauris, mji wa wafinyanzi kusini mwa Ufaransa, na tangu 1947 akafanya kazi katika karakana ya Madoura. Humo alichonga picha katika plasta kavu. Udongo mbichi ukagandamizwa juu yake, na ulipobanduliwa picha ikabaki imeinuka. Katika mji huohuo alichonga lino za kuchapia matangazo ya maonyesho ya vyungu. Kwake chapa na udongo vilikuwa kazi moja, na sahani hizo leo hupiganiwa minadani.

Sasa tugeukie kwetu. Mama wa nchi za Maziwa Makuu anayebiringisha kamba iliyosokotwa juu ya shingo ya mtungi mbichi, je, yeye hachapi? Mbinu hiyo ilikuwako karne nyingi kabla ya Picasso kuzaliwa. Lakini mtungi huo ukifika makumbusho, mara nyingi huandikiwa kabila na matumizi. Jina la mfinyanzi halimo. Tunataka liandikwe.