Mayonezi ya Riyadh na sufuria zetu za nyumbani

Walioko Riyadh wanaikumbuka wiki ya mwisho ya Aprili 2024. Habari ilianza kama uvumi wa simu: watu wamekula mkahawani, wamelazwa, wengine wamo chumba cha mahututi. Baladia ikafunga matawi yote ya mikahawa ya Hamburgini pamoja na jiko lake kuu. Hesabu ya Wizara ya Afya ikafika watu 75, 69 wao Wasaudi na 6 wageni, na mmoja akafariki. Maradhi yenyewe yakatajwa: botulizimu.

Mei likaja jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ilitangazwa kwamba uchunguzi wa maabara umekuta bakteria wa maradhi hayo ndani ya mayonezi ya chapa ya BON TUM, bidhaa ya kiwandani. Ikaamriwa iondolewe sokoni, kiwanda kisimamishe uzalishaji, na mikahawa ya miji yote iliyokuwa nayo iitupe. Kwa muda wa wiki nzima na zaidi watu walikuwa wakimlaani mpishi, wakilaani nyama, wakilaani mikono ya wafanyakazi. Kumbe sumu ilikuwa imo ndani ya kopo.

Tunapozungumzia ukaguzi wa chakula huku Ghuba, picha inayotujia ni mkaguzi anayetazama kama sakafu imefagiliwa na mpishi amevaa glavu. Hayo yana maana yake. Lakini bakteria huyu haonekani kwa macho. Anaishi udongoni, na mbegu zake hustahimili hata maji yanayochemka. Akipata pahala pasipo hewa na pasipo ukali wa kutosha wa siki au ndimu, huamka na kutoa sumu, na mara nyingi chakula hakibadiliki ladha wala harufu. Mkaguzi aliyesimama mlangoni asingeliona kitu.

Kilichofaa Riyadh ni kurudi nyuma hatua kwa hatua: mgonjwa anaulizwa alikula nini na wapi, mkahawa unaulizwa ulinunua kwa nani, sampuli zinakwenda maabara, mpaka kinafikiwa kiwanda. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Kipindupindu kilichoua mahujaji maelfu mwaka 1865 kilikuja kuingia Unguja mwaka 1869, na daktari mmoja Mskochi aliyekuwa akifanya kazi Unguja, James Christie, akakaa kuwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara mpaka akaichora njia yake kutoka Hijazi, kupita nchi za Wahabeshi na Wamasai, hadi pwani ya Pangani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Hakuwa na maabara ya kumwonyesha mdudu wa kipindupindu. Alichokuwa nacho ni watu waliokubali kusema walipita wapi na waliona nini.

Na hapo ndipo penye udhaifu, kwa sababu watu huficha. Hata Riyadh, Nazaha, mamlaka ya kupambana na rushwa, ilitangaza kwamba zilikuwepo jitihada za kuficha au kuharibu ushahidi. Ikiwa kesi inayofuatiliwa na nchi nzima ilikuwa na watu wa kuficha, tujiulize hali ikoje kwetu.

Maana sisi tuna jiko letu ambalo haliko kwenye daftari la baladia yoyote. Kila mtu wa Riyadh na Jeddah anayesema Kiswahili anamjua dada au bibi anayepika sambusa za Ramadhani, vitumbua, biriani ya harusi kwa masinia, achari na pilipili za kusaga kwa chupa. Oda zinakwenda kwa WhatsApp, na chakula kinapelekwa na kijana mwenye gari. Ni riziki ya halali moyoni mwake, na wengi wetu tungelikonda bila ya yeye. Lakini kama yupo kwa iqama ya kazi nyengine, sheria ya kazi haimruhusu kujifanyia biashara yake mwenyewe. Mtu akiumwa kwa chakula chake, la kwanza atakalofanya ni kufuta meseji. Na mteja naye, kwa kumwonea huruma, atamwambia daktari kwamba hakumbuki alikula nini.

Huruma hiyo inaweza kuua. Dawa inayozuia sumu ya botulizimu huikamata ile ambayo bado inazunguka kwenye damu. Iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu haitoki kwa dawa, na mgonjwa huweza kukaa wiki nyingi juu ya mashine ya kupumulia mpaka mishipa ijijenge upya. Kwa hiyo saa moja ya kuficha si sawa na saa moja ya kawaida. Dalili huanza mara nyingi baina ya saa 12 na 36, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kuona vitu viwili viwili, kope kuanguka, kinywa kukauka, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, kisha udhaifu unaoshuka mikononi na miguuni. Kwa kawaida hakuna homa. Wala hayaambukizi mtu kwa mtu, basi hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa.

Katika mapishi yetu, achari yenye siki au ndimu ya kutosha haina khofu kubwa. Cha kuogopa ni kitunguu thomu kibichi kilichotiwa ndani ya mafuta na kuwekwa kabatini nje ya friji, na mchuzi wa chupa uliofungwa bila ya ukali. Na asali: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe hata ya kuramba, kwa sababu tumbo lake halijaweza kuzizuia mbegu hizi.

Jeddah ina funzo lake jengine. Virusi vya MERS viligunduliwa mwaka 2012 kwa mgonjwa wa hapo, na mwaka 2014 vikaenea ndani ya hospitali za mji huo hata waziri wa afya akaondolewa. Baadaye ngamia walionekana kuwa ndio wanaovibeba. Hata hivyo bado watu wetu wanasimama barabarani kununua maziwa ya ngamia mabichi na kuyanywa yangali na joto. Mbali na MERS, maziwa mabichi huleta bruselosi, homa inayokwenda na kurudi kwa miezi na kuuma viungo. Yachemsheni.

Na mtu wenu akianza kuona vitu viwili viwili, nendeni dharura usiku huo huo. Mwambieni daktari kila alichokula siku hizo zote, pamoja na kilichotoka kwa bibi wa sambusa. Kopo au chupa iliyobaki, hata ikiwa tupu, itieni kwenye mfuko muichukue.