Mwanza: vita vya panzi vilipoisha, kunguru alibaki na nini?



Leo naomba tuongelee ndege. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, "huyu naye, nauli ya daladala inampiga chenga, leo anaongelea ndege!" Poa, cheka, ila soma mpaka mwisho, maana stori hii inamhusu mtu wa basi kuliko hata mtu wa ndege.

Naongelea uwanja wa ndege wa Mwanza, ule wa Ilemela, kilometa kama 10 hivi kutoka mjini. Wakubwa wakiuzungumzia uwanja huu utasikia mambo mawili tu: njia ya kurukia na jengo la abiria. Ni muhimu, sikatai. Ila mimi nasema hivi: kilichowaleta watu wapya pale hakikuwa lami wala jengo. Ilikuwa nauli. Na nauli haikushuka kwa huruma ya mtu yeyote. Ilishuka kwa sababu kampuni zilikuwa zinanyang'anyana abiria.

Wahenga walisema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Panzi hapa ni kampuni za ndege. Kunguru ni mimi na wewe.

TUKUMBUSHANE KIDOGO

Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,100 kwa barabara. Kaka zetu wanakumbuka enzi ambazo basi la Mwanza lilikuwa linapita Arusha, Namanga, Nairobi, halafu linaingia tena nchini kwa Sirari. Yaani unatoka Tanzania kwenda Tanzania, unapita Kenya! Kisa? Barabara ya kati ilikuwa haipitiki. Lami ilipofika Dodoma, Singida na Shinyanga mambo yakawa afadhali, ila mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, katazo lililoanza miaka ya 90 na kuondolewa 2023. Unaondoka alfajiri, gari likiharibika njiani mnalala hukohuko. Treni ya zamani ndio usiseme, karibu siku mbili.

Ndege ni saa moja na nusu.

Sasa kabla ya 2012 nani alikuwa anapanda hiyo ndege? Mheshimiwa, mtu wa mgodi, mtu wa NGO, mfanyabiashara mkubwa wa samaki. Wengine wote stendi.

Shirika letu Air Tanzania lilikuwa hoi. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49, ndoa ikavunjika 2006. Desemba 2008 ndege zake zikazuiwa kuruka kwa muda kwa sababu ya mambo ya usalama. Tarehe 1 Machi 2010 Boeing 737 yake ikatoka nje ya njia wakati inatua hapohapo Mwanza. Mungu alisaidia hakufa mtu, ila ndege ndio ilikuwa imekwisha. Aliyebaki na soko mkononi ni Precision Air, kampuni ya watu binafsi iliyoanza 1993, ambayo Kenya Airways waliingia ubia nayo 2003. Precision walifanya kazi kubwa, tuwape haki yao. Lakini mtu akibaki peke yake dukani hana sababu ya kushusha bei. Hata wewe ungekuwa na duka pekee la vocha mtaani usingeshusha.

IKAJA FASTJET

Tarehe 29 Novemba 2012 Fastjet ikaanza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nauli ya kuanzia: shilingi 32,000, kabla ya kodi na ada za serikali. Wadau, elfu thelathini na mbili! Watu walidhani ni utani, au ni ya basi.

Bila shaka si kila mtu aliipata hiyo 32,000. Hiyo ilikuwa ya waliowahi. Ukikata tiketi mapema unapata rahisi, ukichelewa unalipa zaidi, na mzigo unalipiwa. Soda na korosho za bure hakuna. Ila malipo yalikuwa mpaka kwa simu, na mtu ambaye hana hata akaunti ya benki akaweza kukata tiketi ya ndege akiwa amekaa kijiweni.

Kampuni yenyewe ilikuwa inasema zaidi ya theluthi moja ya abiria wake walikuwa wanapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Hapo ndipo penye hoja yangu. Hawa hawakuibwa kutoka kampuni nyingine. Hawa walitolewa kwenye basi, na wengine walikuwa hawasafiri kabisa. Mama wa mitumba, mwanafunzi anayefungua chuo, mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Muhimbili ambaye hawezi kukaa kitini kuanzia alfajiri mpaka usiku.

HESABU YAKE

Hesabu hii haihitaji digrii, ya form two inatosha. Nawapa mfano tu, namba ni za kwangu. Tuseme kurusha ndege safari moja inagharimu milioni 15: mafuta, kodi ya ndege, marubani, kutua uwanjani. Ukibeba watu 75, kila mmoja lazima achangie laki 2. Ukibeba watu 150, kila mmoja laki 1. Gharama haibadiliki sana ndege ikiwa imejaa au iko nusu.

Kiti cha ndege ni kama nyanya sokoni. Ndege ikiondoka na kiti kitupu, kile kiti kimeoza, huwezi kukiuza kesho. Ndio maana Fastjet walikuja na Airbus A319 za viti 156, wakapunguza bei ili zijae. Na ukiwa na mshindani pembeni naye anaogopa nyanya zake kuoza, hapo ndipo bei inashuka kweli.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: ushindani unashusha nauli, nauli inaleta abiria wapya, abiria wapya wanaujaza uwanja. Sisi tunapenda kuanzia mwisho. Tunajenga uwanja kwanza, halafu tunakaa kusubiri abiria waje kama kumbikumbi baada ya mvua.

MBONA SASA ALIANGUKA?

Kuna wadau watasema, "acha hizo, Fastjet si alikufa?" Ni kweli, na tusidanganyane, kosa halikuwa la mtu mmoja.

Kwanza, shilingi. Kodi ya ndege, vipuri, mafuta na bima vinakwenda kwa dola, abiria wa Mwanza analipa kwa shilingi. Mwaka 2012 dola ilikuwa kama shilingi 1,600. Kufika 2016 ilikuwa karibu 2,200. Hapo umeongezewa gharama zaidi ya theluthi bila kuongeza hata kiti kimoja.

Pili, walikuwa wanauza rahisi kuliko uwezo wao. Kampuni mama iliandika hasara karibu kila mwaka. Kuanzia 2016 wakaachana na zile Airbus kubwa, wakahamia Embraer E190 za viti kama 100.

Tatu, mshindani mpya. Serikali ya awamu ya tano iliamua kuifufua Air Tanzania. Septemba 2016 zikaja Bombardier Q400 mbili za viti 76. Julai 2018 ikaja Dreamliner. Desemba 2018 ikaja Airbus A220 ya kwanza.

Na Desemba hiyohiyo ya 2018, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikaipa Fastjet Tanzania notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni, kwa madeni na kukosa ndege za kuaminika. Wakati huo kampuni ilikuwa imeshahamia mikononi mwa Lawrence Masha, ambaye aliwahi kuwa mbunge wa Nyamagana, Mwanza hapahapa. Haikurudi angani Tanzania tena.

Sisemi TCAA walikosea. Kampuni yenye madeni na ndege zisizoaminika haifai kubeba watu. Nasema tu kilichotokea: panzi mmoja alikufa, na kunguru hakuulizwa.

TULIPO SASA

Njia ya Dar–Mwanza imebaki hasa kwa wawili, Air Tanzania na Precision. Wengine kama Auric Air, ambao mizizi yao ni Mwanza, wana ndege ndogo za safari nyingine, si mchezo huo wa viti mia na zaidi.

Mtu atasema wawili si wanatosha? Wangetosha kama wote wangekuwa wanapigana kwa nguvu sawa. Angalia vizuri. Precision ni kampuni iliyouza hisa kwa wananchi mwaka 2011, ikipata hasara ni yake na wanahisa wake. Air Tanzania ndege zake ni za serikali, inazikodi kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Na CAG kaandika hasara ya shirika hili: karibu bilioni 35 mwaka 2021/22, bilioni 56 na ushee mwaka 2022/23, bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Kwa miaka hiyo mitatu ilikuwa inapanda tu.

Hapa lazima tuwe wakweli pande zote mbili. Mimi nafurahi kuona twiga yuko angani. Na sehemu ya hasara hiyo si uzembe. Novemba 2022 baadhi ya Airbus A220 zilikaa chini kwa matatizo ya injini ambayo yamesumbua mashirika mengi duniani. Ila ona kilichotokea siku hizo: ratiba zilivurugika, na abiria hakuwa na mahali pengi pa kukimbilia. Hiyo ndio gharama ya kutegemea mti mmoja kwa kivuli.

Halafu kuna jambo watu hawalisemi. Hasara inayolipwa na serikali ni nauli pia, ila inalipwa na mtu mwingine. Bibi wa Misungwi ambaye hajawahi hata kuiona ndege kwa karibu, akinunua sukari analipa kodi, na sehemu ya kodi hiyo inaziba pengo la tiketi ya bosi aliyekaa dirishani anapiga picha za ziwa. Kama tungekuwa tunapata nauli rahisi kwa wote ningesema sawa, ni huduma. Lakini mnalipa mara mbili na bado mko stendi.

Na usitegemee mgeni aje kutuokoa. Karibu dunia nzima ndege ya nje hairuhusiwi kubeba abiria wa safari za ndani. Mshindani lazima aandikishwe hapahapa, awe na leseni ya hapahapa, na aone kwamba akileta pesa yake hatapambana na mtu ambaye hasara haimuumi.

TUFANYE NINI?

Nina matatu tu.

Moja, Air Tanzania na kampuni binafsi wapimwe kwa kipimo kimoja. Ada za uwanja, madeni, muda wa kulipa, wote sawa. Kama serikali inataka shirika lipeleke ndege sehemu isiyolipa, iseme wazi sehemu gani na inatoa shilingi ngapi, bunge lijue.

Mbili, namba ziwekwe hadharani kwa kila njia. Abiria wangapi Dar–Mwanza kwa mwezi, viti vingapi vilikuwa vitupu, nauli ya wastani ni kiasi gani. Siyo jumla ya taifa tu. Mtu anayetaka kuanzisha kampuni aone soko liko wapi, na Tume ya Ushindani ione nani anatubana.

Tatu, tuhesabu kodi na ada kwenye tiketi. VAT, ada ya huduma ya uwanja, ada ya usalama. Kwa mtu wa tiketi ya laki 5 hivyo vyote havimshtui. Kwa yule anayejikusanya ili atoke kwenye basi, ndivyo vinavyomrudisha kwenye basi.

Na fursa ipo. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema na Geita hasubiri tena kivuko ili afike Mwanza. SGR ya Mwanza–Isaka inajengwa. Mabasi sasa yanatembea usiku. Maana yake ndege itakuwa na wapinzani wapya chini ardhini, na hilo ni jema. Reli ikifika, kampuni ya ndege itakayokuwa bado inauza kwa bei ya mheshimiwa itabeba waheshimiwa peke yao.

Nimalizie na hili. Mtu wa kawaida hapandi ndege kwa starehe. Mara nyingi anapanda kwa sababu simu imelia saa 4 usiku: mzee amefariki, mazishi kesho saa 9. Msiba hautoi taarifa ya wiki tatu ili ukate tiketi mapema. Siku hiyo ndipo utajua kama mji wako una ushindani au una ndege tu. Kama kampuni ni moja yenye viti, utalipa watakachotaka, au utapanda basi na kukuta ndugu wanarudi makaburini.

Mimi nimesema yangu. Wewe uliyewahi kupanda zile za elfu 32, na wewe ambaye hujapanda mpaka leo, tuambieni: nauli ikiwa kiasi gani mtaachana na basi?

Nawasilisha.